Fundi Anauliza: Video inaonyesha chuma kikinyolewa, haionyeshi dayo ya mashine yako

Barua za toleo hili zimetoka Kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu anaweza kujifunza kukereza vyuma, yaani kunyoa chuma kikizunguka kwenye mashine, kwa kutazama video kwenye simu? Anaweza. Jicho linafundishika vizuri sana kwa video, pengine kuliko kwa kitabu. Ila aliyerekodi ana mashine yake, chuma chake, kisu chake na vipimo vya kwao. Kila unachokiona lazima kwanza ukigeuze kiwe namba za mashine iliyo mbele yako, ndipo uguse swichi. Maswali mengi hapa chini yamezaliwa kwa kuruka hatua hiyo.

SWALI: Shikamooni. Niko karakana ya mjomba hapa Masasi, tuna mashine ya kukereza ya zamani. Nilimtazama fundi wa Marekani akipunguza shafti, nikafuata kila alichofanya. Nilitaka kutoka milimita 26 nije 25, nikaingiza kisu milimita moja kwenye dayo, nikapima nikakuta 24. Mjomba anasema simu imenidanganya. Kosa liko wapi? (Kijana wa karakana, Masasi)

JIBU: Marahaba. Mwambie mjomba simu haina kosa, na mashine pia ni nzima. Dayo, ile pete yenye namba kwenye gurudumu linaloingiza kisu, ziko za aina mbili. Moja inasoma kipenyo: ukisogeza 1.00, shafti inapungua milimita 1.00. Nyingine inasoma mwendo wa kisu chenyewe: kisu kikiingia milimita 1.00 kinakula 1.00 upande huu, na kwa kuwa shafti inazunguka, kinakula 1.00 upande wa pili pia. Hapo umepoteza milimita 2. Yako ni ya aina hii ya pili. Yule fundi wa kwenye video huenda ana ile ya kwanza, wala hakuona haja ya kusema, kwa sababu yeye mashine yake anaijua.

Usiamini kilichoandikwa kwenye mashine, hasa iliyopita mikono mingi na kubadilishwa vipuri. Ijaribu. Funga kipande cha chuma laini cha kipenyo cha 25 hivi, kitokeze nje ya chaki, kile kichwa chenye meno kinachoshika na kuzungusha kazi, si zaidi ya milimita 60. Nyoa pasi moja nyepesi, yaani pitisha kisu mara moja, hadi kiwe duara safi. Usiguse gurudumu linaloingiza kisu. Rudisha kareji tu, yaani kile kibebeo cha kisu, kuelekea telstoki iliyo mwisho wa mashine mkabala na chaki, zima mashine, subiri isimame kabisa, pima. Sasa zungusha pete ya dayo isome sifuri. Ingiza kisu hadi isome 0.50, nyoa tena, pima tena. Kipenyo kikipungua 0.50, dayo inasoma kipenyo. Kikipungua 1.00, inasoma nusu yake. Andika jibu kwenye kipande cha tepu ukibandike juu ya gurudumu, maana kila atakayeshika mashine hiyo atalihitaji.

Hapo kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni inchi. Fundi wa Marekani akisema anaingiza "kumi", anasema sehemu kumi za elfu ya inchi, mafundi wengi huziita thau. Thau moja ni milimita 0.0254, kwa hiyo kumi yake ni 0.254 tu, robo milimita. Ukiisikia kumi ukaipeleka kwenye dayo ya milimita bila kuigeuza, utaharibu kazi au utavunja kisu.

Wa pili ni ulegevu wa skrubu ya gurudumu. Kwenye mashine iliyochakaa unaweza kuzungusha robo mzunguko na kisu kisisogee hata kidogo. Ndiyo maana kisu kinaletwa kwenye namba kikitoka upande mmoja siku zote, yaani kikiingia. Ukipitiliza namba, usirudi nyuma kidogo ukadhani umerekebisha. Rudi nusu mzunguko mzima, kisha uje tena polepole hadi kwenye namba.

Kwa shafti yako, njia salama ni hii: shuka kutoka 26 hadi 25.40 kwa pasi ya kwanza, pima, halafu gawa kilichobaki katika pasi mbili zinazolingana, 25.20 kisha 25.00. Zinalinganishwa kwa sababu kisu na shafti hupinda kidogo vinaposukumana. Kina kikiwa kilekile, kupinda ni kulekule, na ukipima baada ya pasi ya kwanza unajua ya pili itakupeleka wapi. Wanaoacha 0.02 ya mwisho "ya kusafishia" hushangaa kisu kikiteleza juu bila kukata, kisha ghafla kikala zaidi ya walivyotaka. Na usipime shafti ikiwa ya moto. Chuma cha kipenyo cha 50 kilichopanda nyuzi 40 za joto kimevimba zaidi ya 0.02. Kikipoa kitakuwa chembamba kuliko ulivyosoma.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Kwenye video vinyuzi vya chuma vinatoka vya buluu, vinaruka kama mvua, na mashine inakimbia kwelikweli. Nami nilihamisha mkanda kwenye puli ya kasi, ncha ya kisu ikaungua haijafika dakika. Kisu ni haispidi, nimekinoa mwenyewe. Chuma ni nondo ya milimita 40. (Chikongola, Mtwara)

JIBU: Kazi ni njema, ila kisu chako na cha yule bwana ni ndugu wa mbali. Chako cha haispidi ni cha chuma kigumu cha kunolewa. Anachotumia yeye ni kipande cha kabaidi, kitu kigumu zaidi ya chuma, kilichofungwa kwa skrubu kwenye mpini. Kabaidi huvumilia joto kali, na ile buluu ni joto linaloondoka na vinyuzi. Haispidi huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Ukiona buluu kwa haispidi, punguza mwendo papo hapo. Vinyuzi vyako vitoke vyeupe, au visizidi rangi ya majani makavu.

Kasi haikisiwi kwa sikio, inapigiwa hesabu. Chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha mara 320, gawa kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Unapata mizunguko kwa dakika. Kwa haispidi, chuma laini kipe mita 25 hadi 30, chuma cha kutupwa karibu 18, aluminiamu 60 na zaidi. Chuma laini cha 40 kwa mita 25 ni 25 mara 320 gawa kwa 40, yaani mizunguko 200. Mwenye kabaidi anaweza kwenda mita 120 kwenye chuma hichohicho, anapata 960. Ndiyo tofauti uliyoiona, karibu mara tano. Video ikitaja futi kwa dakika, futi 100 ni kama mita 30. Hesabu ikikupa mwendo ambao puli zako hazina, chukua ulio chini yake.

Sasa nondo. Tunajua ndiyo inayopatikana kila mahali penye ujenzi, na mwanafunzi huokota alichonacho, ila kwa kujifunzia kukereza ni chuma kibaya. Nondo nyingi za ujenzi hupozwa kwa maji kiwandani zikiwa bado na moto ili ganda la nje liwe gumu na moyo ubaki laini. Kisu chako kinagonga lile ganda, tena kwa kurukaruka kwa sababu ya mbavu zake. Tafuta shafti chakavu isiyotiwa ugumu, au nunua kipande cha chuma laini cha duara. Kabla ya kufunga chuma chochote cha kuokota, kipitishe tupa. Tupa ikiuma, kisu kitauma. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kirudishe ulikokitoa.

Angalia pia urefu wa ncha ya kisu. Iwe sawasawa na kitovu cha kazi. Mashine ikiwa imezimwa, bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na kazi ya duara, taratibu. Rula ikisimama wima, uko sawa. Kichwa cha rula kikilalia upande wa kazi, kisu kiko juu mno, na hicho ndicho kinachosugua badala ya kukata na kuungua upesi. Kikilalia upande wako, kisu kiko chini. Weka vipande vya bati bapa chini ya kisu hadi rula isimame. Jambo hili huchukua nusu dakika na kwenye video nyingi limekatwa, kwa sababu halivutii kutazama.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni binti najifunza kwa kaka yangu. Kwenye video wengine wana glavu, wengine hawana. Nami navaa hijabu na baibui, nifanyeje? (Kilwa Masoko)

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Glavu haivaliwi kamwe mashine ikizunguka. Kidole kitupu kikiguswa kitakatwa. Glavu ikinaswa inavuta mkono mzima, na chaki haingoji. Glavu ni za kubebea chuma na kuzoa vinyuzi mashine ikiwa imezimwa, na hata hapo tumia ndoano au brashi. Waliovaa glavu kwenye video wasikufundishe hilo, hata wawe na watazamaji milioni.

Hijabu iwe fupi, ya kubana, ncha zake zote zichomekwe ndani ya koti la kazi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Baibui pana halifai mbele ya chaki. Suruali pana chini ya koti refu lisilopepea inasitiri vilevile. Mikono ya koti ikunjwe juu ya kiwiko au ibanwe kwa lastiki kwenye kifundo. Pete, saa na bangili zibaki nyumbani. Miwani ya kukinga macho ni lazima, hata kwa pasi moja. Msasa usiuzungushie kidole, ushike kwa ncha zake mbili. Na ufunguo wa chaki usitoke mkononi mwako ukiwa bado kwenye chaki: ukiuacha pale, mtu akiwasha, unaruka kama risasi.

SWALI: Huku Newala maji ni shida ya miaka yote, pampu na mabomba ndiyo kazi yetu. Nilikata thredi ya bomba la robo tatu kwa vipimo nilivyonakili kwenye video. Inaingia mizunguko mitatu inakwama, nikilazimisha inaingia lakini inavuja. Tepu nyeupe nimezungusha hadi basi. (Fundi bomba, Newala)

JIBU: Umenakili thredi ya Marekani, na viungo vya dukani kwako ni vya Kiingereza. Ya Marekani huitwa NPT, ya Kiingereza huitwa BSP, na hiyo ya pili ndiyo iliyojaa Tanzania. Kwa robo tatu inchi zote mbili zina meno 14 kwa inchi, ndiyo maana ziliumana mwanzoni. Ila NPT ina pembe ya nyuzi 60 na BSP ina 55, na vipenyo havilingani. Jino halikai kwenye bonde lake, linagusa sehemu tu, na maji hupita palipobaki wazi. Kwa inchi moja ungeligundua mapema, maana BSP ina meno 11 na NPT ina 11 na nusu.

Vipimo vya BSP vya kuandika ukutani: nusu inchi, kipenyo cha nje 20.955, meno 14. Robo tatu, 26.441, meno 14. Inchi moja, 33.249, meno 11. Meno 14 kwa inchi maana yake kutoka jino hadi jino ni milimita 1.814, na kina cha jino ni 1.162.

Kisu kinolewe kwa pembe ya 55 na kipimwe kwa geji, si kwa macho. Kiwe kwenye kitovu na kisimame pembe mraba na kazi. Mwendo uwe wa chini kabisa ulionao, mizunguko 60 hivi, ili uwahi kukitoa kisu mwisho wa thredi. Pasi ya kwanza iwe ya kukwaruza tu, isizidi 0.05. Zima, weka rula, hesabu: ndani ya milimita 25.4 uone nafasi 14. Zikiwa pungufu au zaidi, gia ulizoweka si zenyewe, na kazi bado haijaharibika. Zikiwa sawa, endelea kwa 0.20, kisha punguza 0.15, 0.10, na mwisho 0.05, kwa mafuta tele.

Hapa video huwapoteza wengi. Kama skrubu ndefu inayovuta kareji ya mashine yako ni ya milimita na thredi unayokata ni ya inchi, usiifungue nusu nati, ile inayoibana kareji kwenye skrubu hiyo, hadi thredi iishe. Video inaonyesha fundi akiifungua kila pasi na kuirudisha akitazama saa ndogo ya thredi, kwa kuwa skrubu yake na kazi yake ni za inchi zote. Wewe ukiifungua, pasi inayofuata itaangukia kando ya bonde. Toa kisu nje, simamisha, rudisha mashine kinyumenyume hadi mwanzo, ingiza tena. Lakini kama chaki yako imefungwa kwa thredi kwenye shafti kuu, kuigeuza ghafla kunaweza kuifungua ikaanguka. Isimame kabisa kwanza, ndipo uirudishe taratibu.

Juu ya kuvuja kuna jambo la ziada: thredi ya nje ya bomba la maji hukatwa ikiwa imechongoka, inapungua milimita 1 ya kipenyo kwa kila milimita 16 za urefu. Uliyokata kwenye mashine kwa kawaida ni iliyonyooka, nayo hutegemea washa kuzibia. Tukikushauri kwa faida ya mfuko wako, kwa mabomba nunua dai za bomba, vile vyuma vya kukatia thredi kwa mkono, na mpini wake. Zinakata zikiwa zimechongoka tayari, hata pale shambani. Mashine iachie viungo ambavyo dai haifiki.

SWALI: Nakarabati mashine ndogo za kubangulia korosho. Natengeneza bushi za shaba kwa shafti ya 25. Nje ya mashine shafti inaingia vizuri sana, nikishaipigilia bushi kwenye nyumba yake shafti haiingii tena. Video niliyofuata haikusema lolote. (Lindi mjini)

JIBU: Bushi, yaani ile pete ambayo shafti huzungukia ndani yake, ikiingizwa kwa nguvu hubanwa na nyumba yake, na tundu lake hupungua karibu kwa kiasi kilekile ulichobanisha. Ukitengeneza nje 32.03 kwa nyumba ya 32.00, tegemea tundu kupungua karibu 0.03. Kama ulitoboa 25.03 ili shafti ya 25.00 ipate nafasi, nafasi yote imekwisha.

Bora utoboe bushi ikiwa 24.80, uiingize, kisha umalizie tundu kwa rima ya 25, kisu cha kusawazishia tundu, ikiwa mahali pake. Rima ya kawaida huacha tundu kubwa kidogo tu kuliko 25.00, kwa hiyo pima kama nafasi imefika 0.03. Huna rima? Basi ongeza kiasi cha kubanwa tangu mwanzo: toboa 25.07 hadi 25.08, ubaki na nafasi ya 0.04 au 0.05 baada ya kuingiza. Mashine ya korosho hula vumbi na mafuta ya maganda, kwa hiyo usiikaze mno. Chini ya 0.03 utakuja kuifungua mapema. Chonga ncha ya kuingilia iwe na mteremko wa milimita 1, na uivute kwa boliti ndefu, nati na washa mbili nene. Nyundo huingiza bushi ikiwa imelala upande, na tundu hubaki yai.

Upau wa kutobolea ndani usitokeze zaidi ya mara 4 ya unene wake. Wa milimita 12 usipite 48. Ukipita hapo unaimba, na tundu linakuwa na mawimbi na kutanuka mdomoni. Kisu cha shaba hakinolewi kama cha chuma: uso wa juu uwe bapa kabisa, bila mteremko. Kikiwa na mteremko shaba hukivuta ndani chenyewe.

Kabla ya kufunga kipuri chochote kilichotoka kwenye mashine ya korosho, kisafishe. Mafuta ya maganda huchoma ngozi, na yakipata joto la kisu moshi wake huwasha macho na koo. Vaa glavu za mpira, loweka kwenye dizeli, sugua kwa brashi, osha kwa sabuni, kausha. Kisha vua glavu, ndipo uende kwenye mashine.

SWALI: Nipo Nachingwea vijijini, mashine ya kukereza naiona kwenye simu tu. Kaka ana laptopu. Nianzie wapi, na hizo programu za kuigiza mashine za kompyuta zina faida? Bando nalo linaisha haraka. (Mwanafunzi)

JIBU: Tuanze na bando. Shusha video iwe 480p. Mikono na kisu vinaonekana vya kutosha, na saa moja hula nusu GB hivi. 1080p hula mara tatu au nne ya hapo bila kukufundisha zaidi. Itazame mara moja yote, halafu irudie ukiisimamisha kila anapopima au kubadili kitu, na uandike: chuma gani, kipenyo gani, kisu gani, mizunguko mingapi, kina kiasi gani. Video isiyotaja hata viwili kati ya hivyo ni burudani. Itazame ukipenda, ila usiihesabu kuwa somo.

Kwa mikono, usingoje mashine. Nunua venia ya milimita, kile kipimo cha meno mawili, tupa bapa moja ya kati na moja laini, azima jiliwa la kubania chuma. Kata kipande cha chuma laini, kipige tupa hadi kiwe mchemraba wa milimita 25 pande zote, tofauti isizidi 0.10. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo itakayokufundisha kusoma venia, kuona pembe mraba kwa mwanga na kujua chuma kinaondokaje. Kisha toboa na upige tapu, yaani ukate thredi ndani ya tundu. Tundu la tapu ni kipenyo cha thredi ukitoa hatua yake: M8 ni 6.8, M10 ni 8.5, M12 ni 10.2. Sukuma tapu nusu mzunguko, rudisha robo, tia mafuta. Zinazovunjika huvunjika kwa tundu dogo, au kwa mtu asiyerudisha.

Programu za kuigiza zina faida kubwa, ukijua mipaka yake. LinuxCNC ni ya bure na ina hali ya kuigiza mashine ya kukereza bila mashine kuwepo. CAMotics nayo ni ya bure, lakini ni ya kuchonga kwa milingi, ambako kinachozunguka ni kisu, si kukereza. FreeCAD itakupa michoro. Zingatia kwamba kwenye mchoro wa Kimarekani mwonekano wa upande wa kulia huchorwa kulia, na kwenye wa Kiulaya huchorwa kushoto. Usipotazama alama yake utatengeneza kipuri kilichogeuka.

Kwenye LinuxCNC utakutana tena na swali la kijana wa Masasi: G7 inaiambia mashine X ni kipenyo, G8 inaiambia X ni nusu kipenyo. Anza kila programu kwa kuandika wazi G7 na G21, ya milimita, usitegemee ilivyokutwa. Jizoeze kuweka nukta pia: kuna mashine za viwandani ambazo X10 bila nukta husomwa kama 0.010. Ukitumia G96, ambayo huongeza mizunguko kadiri kipenyo kinavyopungua, weka kikomo cha mizunguko. Kisu kikikaribia kitovu, hesabu inadai kasi isiyo na mwisho, na chaki yenye kazi iliyofungwa vibaya itaitupa.

Kuigiza kutakuonyesha njia ya kisu na makosa ya namba. Hakutakuonyesha kazi ikiteleza kwenye chaki, kisu kikitetemeka, wala, mara nyingi, kisu kikigonga meno ya chaki, usipoichora chaki yenyewe. Ukipata mwalimu wa kukufundisha kwa njia ya mtandao, mtumie picha ya vinyuzi vya chuma karibu na rula, picha ya ncha ya kisu, sekunde 10 za sauti ya mashine ikikata, pamoja na yale mambo matano: chuma, kipenyo, kisu, mizunguko na kina. Kwa hivyo atakujibu. Ukimwandikia tu "inatoka mbaya", naye atabaki kukisia.

SWALI: Nimejifunza kwa video na kwa fundi wa mtaani, miaka inakwenda, cheti sina. Zabuni zinadai cheti. Nirudi darasani mwanzo? (Tandahimba)

JIBU: Si lazima, kaka. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunza nje ya chuo: unapimwa unachoweza kufanya, na ukifaulu unapewa cheti. Ulizia chuo cha VETA cha Mtwara au cha Lindi ratiba, ada, na kama fani ya ukerezaji imo kwenye zamu inayofuata. Uwezo hupimwa kwa kazi, kwa hiyo peleka kazi. Andaa vipande vitatu: shafti yenye ngazi za vipenyo viwili au zaidi, bushi, na boliti yenye thredi inayoingia kwenye nati ya dukani. Kila kimoja kiwe na mchoro wenye vipimo ulivyokusudia, na pembeni vile ulivyopata. Ulipokosea 0.05 andika 0.05. Anayekupima ana maikromita mfukoni.